Mwathiriwa haanzii kituo cha polisi

Juzi tena nimesikia redioni: "Uhalifu umepungua." Ushahidi? Idadi ya majalada ya kesi yaliyofunguliwa vituo vya polisi. Kipimo hicho kinahesabu majalada.

Kuna kipimo kingine: utafiti wa waathiriwa wa uhalifu, yaani dodoso la kaya. Wadadisi hupiga hodi kwenye nyumba zilizopatikana kwa sampuli, wakauliza: katika miezi kadhaa iliyopita umeibiwa, umepigwa, nyumba yako imevunjwa? Uliripoti au hukuripoti, unahesabiwa.

Neno lenyewe linasaidia. Mwathiriwa anatoka kwenye athari, na kwa Kiarabu *athar* ni alama inayobaki kitu kikishapita, kama unyayo mchangani. Wapo wanaosema mwathirika, sina ugomvi nao. Mhanga ndiyo siipendi hapa: mhanga hutolewa kafara au hujitoa mwenyewe, na aliyeporwa simu kwenye kituo cha daladala hakujitoa. Ameachiwa alama tu, na utafiti unamfuata nayo hadi nyumbani kwake.

Kutoka kwenye alama ile hadi RB, ile namba ya taarifa unayopewa polisi, ni safari. Kuna nauli, kuna kusubiri kaunta, kuna kujua kwamba simu hairudi. Kuna mke ambaye aliyempiga ndiye analala naye. Mwingine huripoti kwa sababu tu benki imemdai RB. Ndiyo maana majalada yanaweza kuongezeka mwaka ambao watu wameanza kuwaamini polisi, wizi ukiwa uleule. Na yakapungua watu wakikata tamaa.

Marekani walianza kupima kwa dodoso la kaya 1972. Huwahoji watu wa miaka 12 na zaidi, kila baada ya miezi sita, na miaka ya karibuni chini ya nusu ya matukio ya ukatili wanayosimuliwa ndiyo yaliyofika polisi. Uingereza walianza 1982, Afrika Kusini 1998. Dar es Salaam nayo iliingizwa kwenye utafiti wa kimataifa wa aina hii mwaka 1992.

Dodoso nalo lina mipaka: aliyeuawa hawezi kuhojiwa, na anayelala barazani hana kaya ya kupigiwa hodi. Kwa mauaji, rudi kwenye majalada.

Mtangazaji wetu angesema tu, "Matukio yaliyoripotiwa polisi yamepungua." Takwimu aliyokuwa nayo mkononi ilimruhusu kusema hivyo.