Haki za mshtakiwa kwenye katiba za majimbo ya Marekani: zinaandikwa, zinafutwa, zinarudi

Ukigusa haki za mshtakiwa Marekani watu wanakimbilia moja kwa moja ile katiba kubwa ya shirikisho, marekebisho ya Tano, ya Sita (nyongeza zake zenye haki hizo), basi wamemaliza. Mi sheria ya jinai ndo kazi yangu na siku zote nasema anzeni na majimbo. Kwanza kesi nyingi mno za jinai kule, wizi, ugomvi, madawa, mauaji, zinasikilizwa mahakama za jimbo na sio za shirikisho, halafu hizo haki zenyewe majimbo ndo yalitangulia kuziandika. Na kuna hili ambalo wengi hawalijui: katiba ya jimbo inabadilika kirahisi kuliko ile ya shirikisho, wananchi wanapanga foleni Jumanne moja ya Novemba wanapiga kura, kesho yake kitu kilichokuwepo karne mbili hakipo.

Virginia ndo walianza, 12 Juni 1776, wiki tatu hivi kabla hata Azimio la Uhuru halijatoka. Tamko lao la haki liliandikwa kwa sehemu kubwa na George Mason, na kifungu cha 8 peke yake kimebeba karibu somo zima: mshtakiwa aambiwe anashtakiwa kwa kosa gani, akabiliane na mashahidi, alete ushahidi wake, kesi iende haraka mbele ya juri isiyo na upande, asilazimishwe kujishuhudia mwenyewe, na asitiwe hatiani mpaka wanajuri wote 12 wakubaliane kwa kauli moja. Hilo la kauli moja likumbukeni, tutarudi kwake. (Juri sio kama wazee wa baraza wetu ambao jaji anaweza kuwasikiliza halafu akaamua vingine, kule wao, raia wa kawaida, ndo wanasema mtu ana hatia au hana.)

Wengine wakafuata kila mmoja na la kwake. Pennsylvania mwaka huohuo wakaongeza haki ya kutetewa na wakili, na hapo ujue Uingereza walikotoka, mtu wa kosa kubwa kama wizi au mauaji alikuwa haruhusiwi utetezi kamili wa wakili mpaka 1836! Massachusetts 1780 wakaandika kwamba mashahidi waonane na mshtakiwa uso kwa uso, New Hampshire 1784 wakaweka kwamba ukishaachiwa huru hushtakiwi tena kwa kosa lilelile. Zile haki za kwenye katiba ya shirikisho zilikuja kupitishwa 1791, watu wameshanakili sana.

Ila tusijidanganye. Mason mwenyewe alikuwa anamiliki watumwa, na Virginia hiyohiyo mtumwa akishtakiwa alipelekwa mahakama maalum ya mahakimu bila juri kabisa, hata kama adhabu ni kunyongwa.

Halafu 1833, kwenye kesi ya Barron dhidi ya Baltimore, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema wazi kuwa zile haki za shirikisho zinaibana serikali ya shirikisho tu, majimbo haziwahusu. Yaani kwa miongo na miongo ukikamatwa na polisi wa jimbo kinga yako ni katiba ya jimbo lako, ikiwa nzuri una bahati, ikiwa mbovu ni shauri yako. Na zilitofautiana kweli. Indiana mahakama yao ya juu 1854 ilishasema maskini aliyeshtakiwa apewe wakili na kaunti imlipe huyo wakili, wakati Florida mwaka 1961 Clarence Gideon alisimama peke yake mbele ya juri kwa kesi ya kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool kule Panama City, akaomba wakili akanyimwa, akafungwa, akaandika maombi yake kwa penseli akiwa gerezani, na 1963 ndo Mahakama ya Juu ikayalazimisha majimbo yote. Aliporudi na wakili akaachiwa huru. Miaka 109 baada ya Indiana!

Baada ya hapo mtu anaweza kudhani katiba za majimbo zimeisha kazi. Hapana. 1977 jaji William Brennan wa Mahakama ya Juu, akiona wenzake wameanza kubana zile haki, aliandika makala kwenye jarida la sheria la Harvard akiwaambia majaji wa majimbo kwamba katiba zao ni zao, wanaweza kumpa mshtakiwa zaidi ya anachopewa na Washington. Baadhi wakasikia. Mfano 1984 Mahakama ya Juu ilisema polisi akipekua kwa hati ya upekuzi yenye kasoro lakini kwa nia njema ushahidi unaingia, Pennsylvania 1991 wakasema kwetu hapana, hauingii.

Na wapiga kura nao walikuwa wameshaanza kujibu. Florida 1982 walibadilisha katiba yao kuwafunga majaji wasitoe zaidi ya Mahakama ya Juu kwenye mambo ya upekuzi, California mwaka huohuo nao wakapitisha yao kwamba ushahidi wenye uzito usitupwe ovyo. Ila kichekesho kipo hapohapo Pennsylvania. Katiba yao ilikuwa na yale maneno ya uso kwa uso, na 1991 mahakama ikayasoma kama yalivyo: mtoto anayedai kadhalilishwa hawezi kutoa ushahidi akiwa chumba kingine kwa televisheni, lazima aonane na mshtakiwa. Watu wakaja juu, 1995 wakapiga kura kufuta maneno hayo, 1999 kura ikabatilishwa kwa sababu walikuwa wameunganisha mabadiliko mawili kwenye swali moja, ikabidi warudi kupiga upya 2003 na safari hii ikapita. Mi kwa kweli nawaelewa pande zote mbili, mzazi yeyote hataki mtoto akae mita tatu kutoka kwa mtu anayemwogopa, lakini na wakili yeyote wa utetezi atakuambia shahidi akikuangalia machoni anaongea tofauti.

Sasa turudi kwenye kauli moja, maana hii ndo inaniuma zaidi.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ilishakuwa marufuku kuandika sheria inayosema mtu mweusi asikae kwenye juri. Louisiana wakakaa mkutano wa katiba 1898, na hawakuficha nia, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya mahakama alisema kazi yao ni kusimamisha ukuu wa watu weupe jimboni kwa kadiri sheria itakavyoruhusu. Wakatafuta njia: mweusi mmoja, wawili, watatu waacheni waingie kwenye juri, ila kura tisa kati ya 12 zitoshe kumfunga mtu kwa makosa makubwa yasiyo ya kifo. Hawa watatu wabishe mpaka usiku hakuna kitu. Ukisoma hicho kifungu hutaona neno rangi popote, ni hesabu tupu, na hiyo ndo akili yake.

Oregon wakafuata 1934, wao sababu ilianzia kesi ya Myahudi aliyeshtakiwa kwa mauaji, mwanajuri mmoja akang'ang'ana hakubali, wenzake wakashuka kwenye kosa dogo la kuua bila kukusudia, magazeti yakachafuka, na wapiga kura wakaruhusu kura 10.

Louisiana walipanda wenyewe kutoka tisa hadi 10 kwenye katiba yao ya 1974. Kabla ya hapo, 1972, suala lilifika Mahakama ya Juu, majaji wakagawanyika vipandevipande na mfumo ukapona. Evangelisto Ramos akahukumiwa hivyo 2016 New Orleans, 10 kwa 2, kifungo cha maisha bila matumaini ya kutoka, ambapo majimbo mengine 48 kura hizo zingemaanisha hakuna hukumu. 2018 wananchi wa Louisiana wenyewe, wahafidhina kwa waliberali, walipiga kura kurudisha kauli moja lakini kwa makosa yatakayotendwa kuanzia 1 Januari 2019 tu. Halafu Aprili 2020 Mahakama ya Juu ikampa Ramos ushindi, na kwa kuwa katiba ya shirikisho haina maneno ya kauli moja popote, hukumu ikaenda kuchimba historia ya juri mpaka kwenye katiba za mwanzo za majimbo, ikiwemo ya Virginia. Kesi ikasikilizwa upya, 2023 wanajuri wote wakasema hana hatia.

Waliofungwa zamani je? 2021 Mahakama ya Juu ikasema uamuzi wa Ramos haurudi nyuma kwa kesi zilizokwisha rufaa, ila jimbo likitaka lenyewe liruhusu. Oktoba 2022 mahakama ya Louisiana ikakataa. Desemba 2022 ya Oregon ikakubali. Kwa hiyo aliyefungwa Portland 2005 kwa kura 10 kwa 2 ana haki ya hukumu yake kufutwa na kesi kuanza upya, na aliyefungwa Shreveport mwaka huohuo kwa kura hizohizo anaendelea na kifungo chake.