Boris Karloff hakuwa Mrusi

Wapenzi wengi wa filamu za kutisha wamemdhania mwigizaji Boris Karloff kuwa mtu wa Ulaya Mashariki. Jina lenyewe linashawishi, na uso wake nao haukusaidia.

Ukweli ni kwamba alizaliwa London mwaka 1887 akiitwa William Henry Pratt. Mwaka 1909 alihamia Kanada, akazunguka na vikundi vya maigizo, na huko ndiko alikojibandika jina la Karloff. Mwenyewe alidai limetoka upande wa mama yake, lakini dai hilo halijathibitishwa. Kisheria hakuwahi kulibadili jina la Pratt.

Wapo pia wanaosema aliibuka ghafla mwaka 1931 na filamu ya Frankenstein. Ghafla gani? Alikuwa ameshacheza katika filamu nyingi, aghalabu sehemu ndogondogo. Kwa zimwi alilocheza katika Frankenstein, fundi wa vipodozi Jack Pierce alimshughulikia kwa saa kadhaa kila siku ya kazi, na Karloff akatoa meno yake ya bandia upande mmoja ili shavu libonyee. (Frankenstein, kwa njia, ni jina la mwanasayansi, si la zimwi.)

Jukwaa nalo hakuliacha. Mwaka 1941 aliigiza Broadway, mtaa wa maigizo wa New York, katika tamthilia ya vichekesho Arsenic and Old Lace, kama muuaji anayepandwa na hasira kila akiambiwa amefanana na Boris Karloff. Watazamaji walivunjika mbavu.