Gwanda la Marekani si cheti cha uraia

Wengi huamini kwamba mhamiaji akila kiapo cha jeshi la Marekani, siku hiyohiyo amekuwa raia. Sivyo. Kwanza, kwa kawaida haandikishwi kama hana kibali cha ukaazi wa kudumu, ile grini kadi.

Akishaingia, njia hufupishwa. Anayetumikia katika kipindi kilichotangazwa cha mapigano, na cha sasa kilianza 11 Septemba 2001, huruhusiwa kuomba uraia bila kusubiri miaka 5 kama wengine, tena bila ada. Lakini shikilia neno hilo: kuomba. Asiyejaza fomu hubaki mgeni, hata kifua kikijaa nishani. José Antonio Gutierrez, mzaliwa wa Guatemala, aliuawa Iraq Machi 2003 akiwa katika kikosi cha Marine. Uraia alipewa akiwa marehemu.

Vita vikiisha ndipo kosa hili huuma. Mwanajeshi wa zamani asiye raia akitiwa hatiani kwa makosa fulani, ya dawa za kulevya kwa mfano, anaweza kufukuzwa nchini. Wapo waliorudishwa Mexico hivyo. Na kama aliondoka jeshini kwa heshima, akifa huko, maiti yake (ajabu kweli) inaweza kurudishwa kuzikwa kwenye makaburi ya kitaifa ya wanajeshi.