Figo ya kipanya dume

Nipe slaidi ya figo ya kipanya aliyekomaa, usinitajie kama ni dume au jike. Nikiitazama kwa darubini, mara nyingi nitakuambia mwenyewe. Figo ya dume ni kubwa zaidi, ila siangalii ukubwa. Naangalia kile kifuko chembamba kinachozunguka kila chujio la damu. Kwa jike, ukuta wa nje wa kifuko hicho ni wa seli bapa, nyembamba kama ganda la kitunguu. Kwa dume, seli nyingi za ukuta huohuo ni nene, za mraba, zimepangana kama matofali.

Mhasi dume huyo, usubiri. Matofali yatanywea yawe maganda. Mdunge jike testosteroni, homoni ya kiume, na maganda yatageuka matofali. Figo haizai wala hainyonyeshi, kazi yake ni kuchuja, na bado imebeba alama ya jinsia ya mwenyewe. Nimeliona jambo hili mara nyingi na bado linanisimamisha.

(Kiswahili kinawaita wote panya, lakini maabara tuna aina mbili. Hapa wale wadogo nitawaita vipanya, na wakubwa panya.)

Mfugaji hashangai sana. Anajua kwamba ndama akihasiwa mapema anakuwa maksai, hana shingo nene ya fahali wala ukali wake. Aliyelithibitisha hilo kwa jaribio ni Arnold Berthold, huko Göttingen, Ujerumani, mwaka 1849. Aliwahasi majogoo wachanga. Walioachwa hivyo, undu wa kichwani ulinywea, wasiwike kijogoo, wasipigane. Wengine aliwapandikizia korodani tumboni, mbali na mahali pake na bila mishipa yake ya fahamu. Hao undu ulikua mwekundu, wakawika, wakakimbilia majike. Maana yake korodani ilikuwa inatoa kitu kinachosafiri kwa damu. Neno homoni lenyewe lilikuja baadaye, mwaka 1905.

Homoni hiyo inapita kila mahali, lakini inasikika tu pale penye vipokezi vyake, yaani protini za seli zinazoidaka. Testosteroni huingia ndani ya seli, hushikana na kipokezi, kisha wawili hao huenda kuamsha jeni fulani. Kwenye tezi dume, kimeng'enya huibadilisha kwanza kuwa dihidrotestosteroni, yenye nguvu zaidi. Kwenye misuli, testosteroni hufanya kazi yenyewe. Ndiyo sababu katika jaribio la Hershberger, la kuona kama kemikali inafanya kazi ya homoni ya kiume au inaizuia, ambamo panya madume waliohasiwa hupewa kemikali hiyo kwa siku 10, tunapima uzito wa viungo vitano, vikiwamo tezi dume, vifuko vya shahawa na msuli ulio karibu na mkundu. Kiungo kimoja peke yake kingeweza kutudanganya.

Kwa estrojeni, homoni ya kike, tunapima mji wa mimba. Wa panya una pembe mbili, na kwa panya mchanga kila pembe ni kama uzi. Anapewa kemikali siku 3 mfululizo, na saa 24 baada ya dozi ya mwisho tunafungua. Kama kemikali hiyo inafanya kazi ya estrojeni, ule uzi umenona, umejaa damu na maji. Unapimwa mara mbili: kwanza na maji yake, kisha unatobolewa, unagandamizwa taratibu kwenye karatasi ya kunyonya na kurudishwa kwenye mizani. Mkasi ni mdogo, mkono usitetemeke. Ukitoboa pembe kabla ya wakati, kipimo cha kwanza kimekwenda na maji. Ukiacha mafuta ya ukubwa wa punje ya mchele, jibu limeharibika. Chakula nacho kina neno lake: soya ina kemikali za mmea zinazofanana kazi na estrojeni, na chakula chenye soya nyingi kinaweza kuunenepesha mji wa mimba kabla hujaanza jaribio lako.

Orodha ya viungo ni ndefu. Tezi ya mate iliyo chini ya taya ya kipanya dume ina mirija minene iliyojaa chembechembe, kuliko ya jike. Tezi ya thaimasi, inayolea chembe za kinga, hukua tena mnyama akihasiwa. Panya aliyetolewa ovari hupoteza uzito wa mifupa, na kwa sababu hiyo hutumika kujaribu dawa za mifupa ya wanawake waliokoma hedhi. Lakini alama ile ya kwenye figo ya kipanya usiihamishie kwa binadamu. Kila aina ya mnyama ina mpangilio wake.

Niliwahi kuletewa figo za vipanya kutoka kwenye jaribio la dawa. Vibandiko viliandikwa "dawa" na "bila dawa", basi. Uzito ulitofautiana, na wenzetu walikwisha andika kwamba dawa inakuza figo. Nilipoketi kwenye darubini, kundi la dawa lilikuwa karibu lote matofali, na kundi la pili karibu lote maganda. Niliwapigia simu nikauliza vipanya waligawanywaje. Ilikuwa kwa vizimba: kizimba cha madume kilipewa dawa, cha majike kikaachwa. Figo zile bado ninazo kabatini, kwenye formalini, na kila mwanafunzi mpya namwekea slaidi zake kabla sijamwonyesha kibandiko.