GPS haijui mwamba ulipo

"GPS haidanganyi," husema mabaharia wengi. Mara hii nimeona heri niandike, maana kauli hiyo inaweza kuzamisha chombo.

GPS ikizipata setilaiti vizuri hukosea mita chache tu, hilo sibishi. Lakini inakupa latitudo na longitudo, basi. Mwamba unaouona kwenye skrini uliwekwa na mpimaji, pengine aliyepita na bildi, kamba yenye uzito wa risasi ya kupimia kina, akitafuta mahali pake kwa sekstanti, kifaa cha kupimia pembe, miaka mingi kabla ya setilaiti. Kati ya bildi moja na inayofuata hakuona kitu. Kazi yake kuingizwa kwenye kompyuta hakukuongeza hata kipimo kimoja.

Fungua maelezo ya ramani utafute ZOC, yaani daraja la kuaminika kwa vipimo vya ramani. Daraja la A1 hukubali kosa la mita 5 la mahali, B mita 50, C mita 500, na D ni baya kuliko C. Tena nasema: mita 500! Fungu linaloonekana mita 300 kuliani laweza kuwa chini ya mkuku wako. Kwa kina, C hukubali kosa la mita 2 na asilimia 5 ya kina juu yake, hivyo mita 8 za ramani huenda zikawa 5.6. Namba za kina kwenye ramani huhesabiwa kutoka maji ya chini kabisa. Unguja, maji ya bamvua, yaani ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda karibu mita 4: pita penye shaka yakijaa, maana ukikwama kileleni mwa bamvua unaweza kungoja wiki mbili.

Kisha ikuze ramani kwenye njia yako yote. Novemba 2014 mabaharia stadi wa Team Vestas Wind, timu ya mbio za mashua za kuzunguka dunia, waligonga miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Mauritius. Kwa ukubwa wa ramani waliotumia, hatari haikuonekana.

Macho yanasaidia, jua likiwa juu na nyuma yako, mtu akiwa mlingotini. Hata hivyo majani ya bahari hufanana na mwamba, na kivuli cha wingu vilevile. Hapo hata mzoefu anakisia. Vitabu husema "acha nafasi ya kutosha" bila kusema kiasi gani. Kwenye C mimi huacha mita 500 kamili. Mlango wa kupita kati ya miamba ukiwa mwembamba, napunguza mwendo hadi noti 3, na hata hapo kipimakina hakinitoshi: kinaona chini, si mbele, na matumbawe husimama wima: kina ni mita 20, mara ni 2. Jua likishuka, natia nanga nje hadi asubuhi.