Picha safi, goti bovu

Winga wetu hapa Malindi alitua vibaya mchangani, akasikia goti likilia "ko!" Kabla ya magharibi lilikuwa limevimba kama dafu. Akapigwa eksirei, akaipiga picha kwa simu na kuiuliza programu ya akili mnemba. Ikamjibu: hakuna mvunjiko. Wiki mbili baadaye akarudi uwanjani, na alipogeuka ghafla kuufuata mpira goti likamlegea, akaanguka peke yake.

Programu haikukosea. Potofu ni dhana kwamba picha ikiwa safi, basi goti ni zima. Eksirei huonyesha mfupa. Kano inayolishikilia goti kwa ndani haionekani humo, na akili mnemba haiwezi kusoma kisichokuwemo. Zipo programu za hospitali zilizoidhinishwa kutafuta mivunjiko, nazo humsaidia daktari asipitwe na ufa mwembamba. Ile ya kupiga nayo gumzo simuni si mojawapo. Jeraha lake lilifichuliwa na mikono: daktari alimlaza, akalikunja goti kidogo, akashika paja kwa mkono mmoja na kuuvuta muundi kwa mwingine. Ukaja mbele bila kitu cha kuuzuia. MRI, picha ya sumaku inayoonyesha hata kano, ikathibitisha kuwa kano imekatika. Makocha wenzangu, nawasihi: goti likilia kisha likavimba ndani ya saa chache, mchezaji asirudi uwanjani hata simu iseme nini.

Wengine huamini mashine itawatajia atakayeumia Jumapili. NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, na Amazon walitangaza mwaka 2019 mradi wa Digital Athlete wa kutabiri majeraha kwa kompyuta, na hata huo hukadiria hatari tu. Mvuvi huambiwa kusi itakuwa kali. Haambiwi ni wimbi lipi litakalompindua.

Na kwamba haya ni ya matajiri wa Ulaya? Si yote. OpenCap ya Chuo Kikuu cha Stanford hupima mwendo wa viungo kwa video za simu 2. Natamani sana ijaribiwe kwa miguu peku, mchangani kwetu.

Kwa sasa tunafanya FIFA 11+, mazoezi ya kupasha mwili ya kuzuia majeraha, dakika 20 kabla ya mpira, bila mashine yoyote. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2008, kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, ulionyesha majeraha makubwa yakipungua karibu nusu. Anayetuhesabia ni winga wetu, amesimama ukingoni, goti bado limefungwa.