Chumvi ya bahari haiui kila kijidudu

Pwani tumekua tukisikia eti bahari haina uchafu, chumvi inaua kila kitu, na maji yakionesha hadi chini basi ndo safi kabisa. Sio hivyo jamani. Chumvi na jua kweli vinapunguza bakteria wengi, ila enterokoki, aina ya bakteria wanaotoka kwenye kinyesi, wanavumilia chumvi, ndo maana maabara zikitaka kujua kama bahari ina kinyesi zinapima hao, na kwa macho huwezi kuwaona hata maji yawe ang'avu vipi. Bakteria wa kipindupindu ndo kabisa, anaishi vizuri tu pale mto unapoingia baharini. Mvua kubwa ikinyesha mitaro inashusha kila kitu ufukweni, watoto wasiogelee siku mbili tatu hivi, na chaza wapikwe waive maana wanachuja maji muda wote na vijidudu vinabaki ndani yao.